Aliyenusurika Hana Deni

Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, bomu la ubalozi wa Marekani jijini Nairobi lilitanguliwa na kishindo kidogo. Mmoja wa washambuliaji alimrushia mlinzi guruneti kwenye lango la nyuma, na waliokuwa ofisini katika majengo ya jirani wakainuka kwenda madirishani kuona kuna nini. Kisha lori likalipuka. Vioo viliwaingia usoni watu wengi waliokuwa wamesimama pale, na wengi wakapoteza macho. Nairobi walikufa watu 213. Dar es Salaam, ambako ubalozi ulishambuliwa karibu wakati uleule, walikufa 11. Majeruhi walikuwa maelfu.

Katika ofisi nyingi za siku ile, kilichoamua nani apofuke na nani atoke na mchubuko ni nani aliinuka kitini. Mtu aliyebaki mezani kwa sababu alikuwa akizungumza na mteja kwenye simu hakufanya la busara wala la kishujaa, na simu ile hawezi kuipa maana yoyote hata aigeuzegeuze vipi. Hapo ndipo swali linapoanza kumla: kwa nini yeye, si mimi?

Tangu hapo orodha ya mashambulizi nchini Kenya imerefuka. Jengo la maduka la Westgate, Septemba 2013, watu 67. Chuo Kikuu cha Garissa, 2 Aprili 2015, watu 148, wengi wao wanafunzi. Hoteli ya DusitD2, Januari 2019, watu 21. Kila mara wanaotoka hai hupokewa kwa maneno yaleyale, kutoka kwa shangazi, mchungaji, shehe, mwajiri, jirani. Karibu wote husema kwa huruma. Lakini mengi ya maneno hayo si kweli, na mengine yanamwongezea mtu maumivu, kwa hiyo acha tuyajibu moja moja.

"Mshukuru Mungu, wenzako wamekufa."

Sina ugomvi na shukrani. Wengi walionusurika humshukuru Mungu bila kukumbushwa. Ubaya umo katika nusu ya pili ya maneno hayo, inayoweka uhai wake na vifo vya wenzake kwenye mizani moja. Hesabu hiyo tayari anaifanya mwenyewe usiku, hahitaji msaidizi. Kule Garissa wavamizi waliwauliza wanafunzi dini zao, wakawatenga Waislamu na Wakristo. Kijana aliyeachwa kwa ajili ya dini yake, huku akisikia risasi upande waliko wenzake wa bweni, ashukuru kwa lipi hasa? Na yule aliyejibanza kabatini au chini ya kitanda, akanyamaza wenzake walipokuwa wakiamriwa watoke? Ukishamwagiza ashukuru umemfunga mdomo, maana akisema kwamba anaumia ataonekana hana shukrani mbele ya Mungu na hana haya mbele ya mama wa marehemu.

William Niederland, daktari wa akili aliyewachunguza walionusurika kambi za Wanazi, aliandika habari hii mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wagonjwa wake walikuwa wameponyoka kifo, na kule kuponyoka kwenyewe ndiko kulikowatesa. Hakuna aliyewahi kupona kwa kuambiwa ana bahati.

"Kama hana kosa, mbona anajilaumu?"

Hili ndilo baya kuliko yote, na ndilo linalosemwa kwa sauti ya chini, msibani, mwenyewe akiwa hayupo. Linachukulia kwamba kujilaumu ni ushahidi. Si ushahidi. Kitabu ambacho chama cha madaktari wa akili cha Marekani hukitumia kuainisha magonjwa kilipoingiza ugonjwa wa kiwewe mwaka 1980, hatia ya kunusurika ilitajwa humo kama mojawapo ya dalili. Katika toleo la 1987 ikaondolewa kwenye orodha kuu, na mwaka 2013 kujilaumu kusiko na msingi kukaingia tena. Wataalamu wamebishana iwekwe wapi. Hawakubishana kama inathibitisha kosa.

Basi inatoka wapi? Kwanza, inatoka kwenye namna akili inavyosoma yaliyopita. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Baruch Fischhoff alionyesha kwamba watu wakishaambiwa jambo liliishaje, huona kana kwamba mwisho huo ulikuwa wazi tangu mwanzo, na huamini kuwa wao wangeutambua mapema. Chukua mtu aliyemwita mwenzake dirishani siku ile ya Agosti: "Njoo uone." Alichokijua wakati huo ni kwamba kuna kelele nje. Leo akikumbuka maneno yake, anayasikia yana bomu ndani yake, kana kwamba lilikuwa limo tayari. Edward Kubany, aliyewatibu askari wa Marekani waliotoka Vietnam, aliona kosa hilohilo la hesabu kwa mgonjwa baada ya mgonjwa. Katika matibabu ya aina yake mtu hukalishwa akaulizwa taratibu: ulijua nini dakika ile, si leo, dakika ile? Ni kazi ndefu kuliko kusema "usijilaumu", maneno ambayo sijaona yamemsaidia mtu.

Pili, mwili una amri zake. Wengi hujilaumu kwa kuganda, kwa miguu kufa ganzi, kwa kutopiga kelele. Utafiti uliotolewa Sweden mwaka 2017 uliwauliza wanawake 298 waliofika katika kliniki ya dharura ya waliobakwa mjini Stockholm. Asilimia 70 walieleza kwamba wakati wa tendo mwili uliganda kwa kiwango kikubwa. Hawakuchagua. Anayemwuliza mtu wa namna hiyo "kwa nini hukukimbia?" anauliza swali la mtu aliyekaa sebuleni.

Tatu, na hapa natoa maoni yangu, kujilaumu kuna faida iliyojificha. Kama kosa ni langu, basi dunia bado ina utaratibu: siku nyingine nikiwa mwangalifu nitaepuka. Kukubali kwamba mtu alikufa kwa sababu alikwenda kununua maziwa Jumamosi mchana, kwenye duka lililojaa familia, kunatisha zaidi kuliko kukubali kwamba mimi ni mkosefu. Ndiyo maana ukimpokonya mtu hatia yake kwa haraka, atakupinga kwa nguvu zote.

Wapo, hata hivyo, waliotenda jambo kweli. Aliyefunga mlango huku wengine wakiugonga. Aliyemkanyaga mtu ngazini. Wafariji wengi hapa hukimbilia kusema "hukufanya lolote", na mwenyewe anajua kuwa ni uongo, kwa hiyo hamwamini mfariji hata kidogo. Mlango ule ulifungwa na mtu aliyekuwa na sekunde chache, watu nyuma yake, na asiyejua muuaji yuko umbali gani. Azungumzie mlango, basi, pamoja na sekunde zile. Akitaka kwenda kwa kasisi kuungama, au kwenda kuiona familia ya marehemu, asizuiwe kwa hoja kwamba "hakuna cha kuungama". Hilo ni lake kulipima.

"Huo ni ugonjwa wa Wazungu. Sisi tumezoea shida."

Nairobi ilitoa jibu mapema. Mwezi mmoja hadi mitatu baada ya bomu, daktari wa akili Frank Njenga na wenzake walikusanya majibu ya Wakenya 2,883, na asilimia 35 walikuwa na dalili zinazokaribia ugonjwa kamili wa kiwewe. Tusiipotoshe takwimu hiyo: waliojibu hawakuchaguliwa kwa bahati nasibu, kwa hiyo haimaanishi theluthi ya jiji zima. Lakini inatosha kumaliza hadithi ya ngozi ngumu. Baadaye watafiti walilinganisha walionusurika Nairobi na wale wa Oklahoma City, Marekani, ambako bomu la 19 Aprili 1995 liliua watu 168. Viwango vya kiwewe na sonona vilifanana. Kilichotofautiana ni mahali watu walipokimbilia: wa Oklahoma walitegemea zaidi matibabu ya hospitali, wa Nairobi walitegemea zaidi dini.

Nalichukua hilo kama habari njema na mbaya kwa pamoja. Njema, kwa sababu kanisa na msikiti viko kila mtaa na havina foleni ya miezi. Mbaya, kwa sababu ndipo pia mtu anapoweza kuambiwa kwamba ndoto zake za kutisha ni mapepo au imani haba, akafungishwa na kukeshezwa wakati hajalala wiki nzima.

Katika utafiti wa Njenga kuna mambo mawili ambayo huwa hayatajwi sana. Waliokuwa na hali mbaya zaidi ni pamoja na wale ambao hawakuwa wamemweleza rafiki yaliyowapata, na wale ambao tangu siku ya bomu walikuwa na shida ya pesa. Kodi ya nyumba na karo za watoto zimo ndani ya kiwewe. Mwajiri anayetuma mshauri nasaha huku akikata mshahara wa siku ambazo mtu hakuja kazini anabomoa kwa mkono mmoja anachojenga kwa mwingine.

"Mkalishe chini aseme yote leo, ayatoe moyoni."

Hapa wanaokosea ni wasomi zaidi kuliko mashangazi. Katika miaka ya 1980 na 1990 ulienea mtindo wa kuwakusanya walionusurika ndani ya siku chache, wakaeleza kwa kina walichokiona na walivyohisi, kwa kikao kimoja. Ulionekana wa akili. Kisha ukapimwa. Mwaka 1997 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya majeruhi 133 wa moto, ambao baadhi walifanyiwa kikao hicho na wengine hawakufanyiwa. Baada ya miezi 13, kati ya waliofanyiwa, asilimia 26 walikuwa na ugonjwa wa kiwewe. Kati ya wasiofanyiwa, asilimia 9. Leo Shirika la Afya Duniani halishauri kikao cha lazima cha namna hiyo.

Je, hili halipingani na habari ya kumweleza rafiki? Hapana, ukitazama nani ameshika usukani. Rafiki husikiliza pale mtu anapotaka kusema, na huacha anapotaka kunyamaza. Mgeni mwenye daftari hana subira hiyo. Siku za mwanzo kinachosaidia ni vitu vidogo: maji, blanketi, simu ya kumpigia mama, habari za kweli kuhusu aliyepotea, mtu wa kumsindikiza nyumbani. Na si valiamu iliyonunuliwa duka la dawa la kona. Mwongozo wa shirika hilohilo wa mwaka 2013 unasema dawa za jamii hiyo zisitolewe kutibu mshtuko katika mwezi wa kwanza, ingawa kwetu ndizo zinazokimbiliwa.

"Hata risasi haikumgusa, analia nini?"

Kwa sababu alisikia, alinusa, na aliwapigia simu watu ambao hawakupokea. Sioni haja ya kuongeza.

"Muda utaponya."

Huu ni ukweli nusu, na nusu yake ya kweli isifichwe. Watu wengi hupona bila daktari. Manhattan ya kusini, New York, mwezi mmoja hivi baada ya Septemba 11, 2001, walioonyesha ugonjwa wa kiwewe walikuwa asilimia 7.5, miezi sita baada ya tukio walikuwa chini ya 1. Anayewatangazia walionusurika kwamba maisha yao yameharibika moja kwa moja naye anadanganya.

Lakini wapo wanaobaki, na kwao muda hufanya kinyume. Asiyepita tena barabara fulani, mwakani hapandi matatu, mwaka wa tatu hatoki nyumbani. Kila anachokiepuka humpa nafuu ya siku moja na kumwachia dunia nyembamba zaidi. Kumwambia mtu huyo kwamba yaliyopita si ndwele ni kumtuma nyumbani akaendelee kujifungia.

Kwake ipo tiba, na haihitaji jengo la vioo. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda, timu ya chuo kikuu cha Konstanz cha Ujerumani iliwafundisha baadhi ya wakimbizi kwa wiki sita tu jinsi ya kuwasaidia wenzao kusimulia maisha yao yote kwa mpangilio, pamoja na siku mbaya kuliko zote, kikao baada ya kikao. Waliosaidiwa walikuwa Wanyarwanda na Wasomali waliotoka kwenye vita vya miaka mingi nyuma. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Katika kundi lililopimwa tu bila tiba, asilimia 37 hawakuwa tena na ugonjwa baada ya miezi kadhaa. Hao ndio ambao muda uliwaponya. Katika kundi lililosimulia, ilikuwa asilimia 70.