Nani Ashike Daftari?

Zinapotajwa habari za vyama vya hisani vitokavyo Ulaya na Marekani kuja kuwasaidia wakimbizi, wajane, mayatima na wagonjwa katika nchi zetu, watu husema juu ya malori, magunia ya mahindi, maturubai na dawa. Husema pia juu ya vijana waliokuja kwa kujitolea, walioacha kwao wakaja kulala hemani. Hayo yote ni kweli, wala hatuna haja ya kuyapunguza. Walakini sisi makarani yatupasa kutazama jambo moja ambalo wapiga picha hawalitazami, nalo ni daftari. Hapana gunia litokalo ghalani pasipo jina kuandikwa kwanza, mahali fulani, na mtu fulani. Mtu huyo ni nani, ametumwa na nani, na akiandika uwongo ni nani atakayemgundua? Twaona ya kuwa ushirikiano wote kati ya vyama vya nchi mbalimbali husimama au huanguka hapo, na ya kuwa jambo hili latuhusu sisi kuliko tupendavyo kukubali.

Tuanze mbali kidogo. Tarehe 24 Juni 1859 majeshi ya Ufaransa na Sardinia yalipigana na jeshi la Austria karibu na Solferino, katika Italia. Henri Dunant, mtu wa Geneva, alikuwa safarini kwa shughuli zake za biashara, akakuta majeruhi kwa maelfu wamelazwa makanisani na njiani katika mji wa Castiglione. Mwaka 1862 alitoa kitabu juu ya mambo aliyoyaona, na mwaka 1863 kikaanzishwa kule Geneva chama ambacho leo twakiita Msalaba Mwekundu. Habari hii husimuliwa kama habari ya mtu mmoja mwema. Lakini waliochota maji na kufunga vidonda, wakawauguza maadui sawasawa na marafiki, walikuwa hasa wanawake wa Castiglione, wenyeji wa pale. Mgeni alipanga, akanunua vitu vilivyohitajiwa, kisha akaandika. Tangu mwanzo, basi, kulikuwa na kazi mbili, na ulimwengu umekumbuka jina la yule aliyeshika kalamu. Hatusemi hivi kwa kumwonea wivu Bwana Dunant, maana kama asingaliandika, yamkini kisingalikuwapo chama. Twasema tu ya kuwa kalamu ni kitu kikubwa.

Sasa tuje karibu na kwetu. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakaingia wilaya ya Ngara. Kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kwa siku chache. Vyama vya hisani vilifika kutoka pande zote za dunia pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi, na Msalaba Mwekundu wa Tanzania, chama kilichowekwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1962, ulikuwapo pia pamoja na watu wake wa kujitolea. Kazi iliyofanyika pale ya kuzuia watu wasife kwa kiu na maradhi ilikuwa kazi njema sana. Anayetaka kujua ingalikuwaje pasipo kazi ya namna hiyo na atazame mambo ya Goma mwezi Julai mwaka ule ule, ambapo kipindupindu na kuhara viliua watu kwa makumi ya maelfu katika majuma machache tu.

Lakini chakula kiligawiwaje? Wageni hawakujua Kinyarwanda, wala hawakuwa na daftari. Wakimbizi walikuwa wamekuja pamoja na viongozi wao, nao wamekaa kambini kwa mpango ule ule wa wilaya na vijiji vya kwao. Ikaonekana ni rahisi na ni upesi kuwaambia wale viongozi walete hesabu ya watu wao, wachukue chakula, wakawagawie. Kwa macho ya mtu mwenye haraka mpango huu ni mzuri. Kumbe wengi miongoni mwa viongozi hao ndio waliosimamia mauaji ya Watutsi katika Rwanda! Wakapewa mahindi na maharagwe, na pamoja na mahindi wakapewa nguvu, maana agawaye chakula ndiye mtawala, liwe lolote jina lake. Wakaandika watu wasiokuwapo, wakachukua ziada wakaiuza; na mjane asiye na mtu wa kumsemea akapata kidogo au hakupata kitu. Mwezi Juni 1994 ilipokusudiwa kumwondoa kambini Benaco mtu mmoja wa namna hiyo, Jean-Baptiste Gatete, aliyekuwa zamani mkuu wa wilaya ya Murambi, maelfu ya watu waliinuka wakawatisha wafanyakazi wa vyama vya hisani. Mtu huyo baadaye alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Arusha. Mwaka 2011 alipewa kifungo cha maisha, na baada ya rufaa mwaka 2012 kikawa kifungo cha miaka 40.

Mwishoni mwa 1994 tawi la Ufaransa la chama cha Madaktari Wasio na Mipaka liliondoka katika kambi hizo, kwa kuwa waliona msaada wao unawalisha wauaji. Wengine walibaki, wakisema ya kuwa mtoto mwenye njaa hakuua mtu. Sisi hatuthubutu kuwahukumu hawa wala wale. Ila twaona ya kuwa swali lao lilikuja likiwa limechelewa. Kabla ya kuuliza, ‘Tukae au tuondoke?’, ilifaa kuuliza, ‘Daftari liko kwa nani?’ Na kweli, baadaye mgawo uliondolewa pole pole mikononi mwa wale wakubwa, ukapelekwa kwa makundi madogo ya nyumba na kwa jamaa moja moja, hali ikatengenea kiasi.

Hapa wako wenzetu watakaosema, ‘Mwaona sasa! Wageni hawafai, kazi wapewe wenyeji.’ Tungependa neno hilo liwe kweli, maana lingetupa sifa. Lakini si kweli yote. Wale viongozi wa Benaco walikuwa wenyeji hasa kwa watu wao, waliijua lugha yao na nyumba zao zote, na ujuzi ule ule ndio uliowapa njia ya kuwadhulumu. Mwenyeji naye ana ndugu zake, madeni yake, na bei ya mahindi sokoni. Kosa la Ngara halikuwa ugeni wala uenyeji. Kosa lilikuwa kwamba mtu mmoja alihesabu watu, akapokea chakula, akakigawa, kisha akatoa hesabu ya mgawo wake mwenyewe. Karani yeyote aliyekaa katika ofisi ya fedha hata mwezi mmoja ajua ya kuwa mwenye funguo za ghala hawi mwenye kuandika daftari la ghala, na mwenye kuandika hati ya malipo hawi mwenye kulipa. Tumefundishwa hivyo, tena kwa ukali. Ajabu ni kwamba vyama vyenye wataalamu wa kila namna vilijifunza jambo hili kwa hasara ya watu, hali mahali pengi katika Afrika kulikuwa na karani ambaye angaliweza kuwaambia bure.

Daftari lina hatari nyingine pia, wala haifai kuificha. Katika Rwanda kitambulisho cha kila mtu kiliandikwa kabila lake tangu miaka ya 1930, wakati wa utawala wa Wabelgiji. Mwaka 1994 watu walisimamishwa njiani, wakatakiwa kitambulisho, wakauawa kwa neno moja lililoandikwa na karani fulani ofisini, labda kwa mwandiko mzuri sana. Kwa hiyo yule ajitoleaye kuandika majina ya watu wanyonge hana budi kujiuliza kila safu ya daftari ni ya nini. Dini yake yahitajiwa kwa mgawo wa unga? Kabila la baba yake lahitajiwa kwa blanketi? Ikiwa haihitajiwi, isiandikwe. Siku hizi alama za vidole na picha za macho hutunzwa katika mashine, nazo nakala zake husafiri mbali kuliko tunavyoweza kuzifuata.

Tusiseme mabaya peke yake. Katika nchi yetu uko mfano wa zamani uliotengenezwa vizuri zaidi. Mwaka 1964 Shirikisho la Kilutheri la Dunia lilianzisha Tanganyika Christian Refugee Service, na kazi ya makazi ya wakimbizi ikafanywa kwa mapatano ya pande tatu: Serikali ilitoa ardhi na maofisa, Shirika la Umoja wa Mataifa lilitafuta fedha, na chama kile kikafanya kazi yenyewe ya visima, barabara, shule na zahanati. Kila upande uliandika hesabu yake na kuwaonyesha wengine. Ndivyo ilivyokuwa Mwesi kwa wakimbizi wa Rwanda, kisha Ulyankulu, Katumba na Mishamo kwa Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Watu hawa walipewa mashamba badala ya kupewa kibaba siku zote, na kufika katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wakijilisha na kulipa kodi. Walipoandikishwa mwaka 2007, wapatao wanne katika kila watano walichagua kuwa raia wa Tanzania.

Lakini hata hapo karatasi zilitia doa. Uraia ulikubaliwa mwaka 2010, na vyeti havikuanza kutolewa ila mwaka 2014, kwa watu wapatao 162,000. Miaka minne mtu hakuwa Mrundi tena wala hakuweza kuonyesha ya kuwa ni Mtanzania. Sababu kubwa ilikuwa shauri la kuwahamisha waende mikoa mingine. Twajua mashauri ya namna hiyo ni mazito. Hata hivyo, mtu mzima amekaa nchini miaka arobaini na amechagua, kumweka mlangoni miaka minne ni muda mrefu.

Na fedha je? Mwezi Mei 1994 hakuna aliyeuliza ni senti ngapi zapita katika mkono wa chama cha wenyeji. Mwaka 2016, katika mkutano mkubwa wa Istanbul, serikali na vyama vikubwa viliahidi ya kuwa kufika mwaka 2020 robo ya fedha za msaada itakwenda kwa watu wa nchi yenyewe, kwa njia iliyo fupi iwezekanavyo. Mwaka 2020 ulifika, ahadi haikufika. Kilichokwenda moja kwa moja kilikuwa asilimia chache tu. Kisha fedha zenyewe zikapungua. Mwaka 2023 mgawo wa chakula katika kambi za Kigoma ulikatwa hata ukawa nusu, na mwaka 2025 Serikali ya Marekani ikalifunga shirika lake la misaada, na watu wengi wa vyama vya hisani duniani wakaachishwa kazi. Mgeni akiondoka, gari lake huondoka naye. Daftari husalia kwa nani? Yule kijana mkimbizi aliyeliandika kwa posho ndogo, aitwaye mtu wa kujitolea, ndiye ajuaye mzee gani kipofu akaa kibanda gani. Twaona ajabu ya kuwa asemaye lugha nne huitwa msaidizi, na asemaye moja huitwa mshauri.

Mwaka 1994, mwaka ule ule wa Benaco, Msalaba Mwekundu na vyama vingine vilitoa kanuni kumi za mwenendo wao, na ya tisa yasema ya kuwa vitatoa hesabu kwa wanaosaidiwa na kwa wanaotoa mali pia. Kwa mwenye mali hesabu hutolewa kila mwaka, imepigwa chapa nzuri, ina picha. Kwa mjane wa Nyarugusu hutolewa kwa lugha gani, siku gani, na nani?

Hapo ndipo twaona nafasi ya chama chetu. Wanachama wengine watasema mshahara wa karani hautoshi kumlisha mtu wa pili. Ni kweli, wala hatuwaombi mahindi. Twaomba saa tatu za Jumamosi. Mwanachama aliye Kasulu, Kibondo au Kigoma, ajuaye Kiswahili na Kirundi, aweza kukaa mezani akawasomea watu kadi zao, akawaandikia barua ya malalamiko isiyopitia kwa yule wanayemlalamikia, akalinganisha hesabu ya waliogawiwa na hesabu ya waliopokea. Asiwe na ufunguo wa ghala, wala asipokee posho kwa mwenye ghala. Asiende bila idhini ya Serikali na ya chama kinachohusika, maana kujiingiza kwa watu ni jambo jingine. Tena asiende peke yake. Waende wawili, wa ofisi mbili mbalimbali.

Katibu amekubali kufungua kitabu cha majina. Kila tawi lilete kabla ya mkutano ujao majina ya wanachama walio tayari, lugha wazijuazo, na siku wawezayo kutoka. Safu ya kabila haimo katika kitabu hicho.