Kaka Staa, Ile Kava ya Jazi Hukurekodi Chumbani

Nilipanga leo tuongelee zile nguo za kwenye uzinduzi wa Ijumaa, picha ninazo na maneno ninayo, ila nimeziweka pembeni maana kuna jambo linanikaba koo tangu Jumanne. Mhusika jina kapuni. Nyumba yake mmeonyeshwa mara mia, magari yake mmeshayahesabu. Akijishtukia ni yeye. Asipojishtukia, chawa wake watamshtua.

Kwa mliokuwa mmezima data, iko hivi. Staa wetu alipandisha video akiimba "Fly Me to the Moon". Yuko chumbani, taa hafifu ya rangi ya chungwa, maiki ya bei mbaya mbele ya mdomo, kitanda nyuma hakijatandikwa ili tuamini ni kwake kweli. Maelezo chini yake yanasema karekodi mwenyewe nyumbani, usiku mmoja, bila studio, na ni heshima yake kwa Frank Sinatra "aliyeutunga" huo wimbo. Mashabiki wakamwaga machozi. Mtangazaji mmoja akaipiga redioni asubuhi na kusema hatimaye Bongo tumepata jazi halisi.

Mpaka hapo sina neno. Sauti anayo, simnyimi haki yake. Noma imeanza Jumanne usiku kwenye laivu yake, pale shabiki mmoja alipomtumia kava ya wimbo huohuo iliyoimbwa na binti mmoja wa Tabata, tena iliyotoka miezi miwili kabla ya yake. Staa akaipiga sekunde kama ishirini hivi, akacheka mpaka akashika mbavu. Akasema imerekodiwa chooni. Akasema gitaa linapigwa na mtu aliyelewa. Chawa wakashangilia, emoji za kucheka zikashuka kama mvua ya masika. Asubuhi binti akaifuta kava yake. Akafuta na klipu nyingine zote tatu alizokuwa nazo.

Niseme mapema msije mkanigeuzia kibao: ile kava ya "chooni" nimeirekodi na kuimiksi mimi. Kwa hiyo ndiyo, nina hasira zangu binafsi. Ila masikio nayo ninayo, na ninachokiandika hapa mtu yeyote mwenye hedifoni anaweza kukihakikisha.

Tuanze na hiyo nyumbani yako, kaka. Video nimeiangalia mara nne. Ile maiki ni ya aina ambayo haiamki bila kupelekewa umeme wa volti 48 kupitia waya wake, na huo waya huchomekwa kwa chini. Pale chini pako wazi. Kitundu kinatukodolea macho kabisa, hakuna waya. Sasa sauti iliingia wapi? Kwa maombi?

Halafu kuna bendi. Nasikia matarumbeta, saksafoni, piano, besi, ngoma, watu si chini ya kumi na tano. Walikaa wapi, uvunguni? Nikaenda YouTube, nikatafuta biti za karaoke za wimbo huo, ya tatu tu nikaikuta. Nikaziweka sambamba kwenye laptopu. Mwanzo ule ule, urefu ule ule, pigo la mwisho la ngoma lile lile. Kuimbia karaoke siyo kosa, sote tumeanzia huko. Ila biti ina mwenyewe aliyelipa wapigaji, na wewe umeandika "mwenyewe". Hata kumtaja umeshindwa?

Na sauti yako, kaka, imenyooshwa kwa ototyuni mpaka imekuwa rula. Hakuna noti inayopanda kidogo kidogo, hakuna neno linaloingia kwa kuchelewa. Kila silabi imekaa juu ya mstari wa gridi kama wanafunzi paredi. Huo mtindo unakufaa kwenye nyimbo zako za klabu, tunazicheza na tunazipenda. Kwenye jazi umekata mshipa. Swingi yenyewe ni kutolingana: noti mbili ambazo kwenye karatasi zinaonekana sawa, ya kwanza unaivuta, ya pili unaifupisha, taa-ta, taa-ta, kama mtu anayeruka madimbwi ya Kinondoni. Besi inasukuma mbele, mwimbaji anajikokota nyuma makusudi, na raha iko kwenye huo mvutano. Ukivuta vyote vikae mstari mmoja unabaki na maneno ya jazi juu ya mdundo wa saa ya ukutani.

Hili nalijua kwa sababu ujinga huohuo nimeufanya mimi.

Tulirekodi chumbani kwa mama yake, kuanzia saa saba usiku, bodaboda zikiwa zimepungua. Godoro tuliliegemeza ukutani, mapazia mawili tukatundika mlangoni, friji na feni tukazima. Joto la hapo msiniulize. Vifaa ni laptopu yangu kuukuu, programu ya Reaper, saundi kadi ya maiki mbili, maiki moja ya kukopa na gitaa la nyuzi za nailoni la mjomba wake. Maiki moja, maana yake sauti na gitaa vinaingia pamoja, ukikosea kimoja mnarudia vyote. Kiwango cha kurekodi nilikishusha, anapopaza sauti sindano inafika kama -10, nisije nikachana sauti, maana sauti ikichanika wakati wa kurekodi hakuna dawa. Kiti chake tulikihamisha kama mara nane. Akisogea mbele gitaa linapotea, akirudi nyuma chumba kinaingia. Mwisho tukaona maiki ikae usawa wa kidevu, shubiri mbili hivi kutoka mdomoni, imeinama kidogo kuelekea gitaa. Ngoma hatukuwa nazo, akachukua mdogo wake fagio la chelewa akawa anafagia juu ya boksi la viatu, shwaa, shwaa, na niamini, ukiweka maiki karibu linatoa mlio kama zile brashi za wapiga ngoma wa jazi. Hiyo tuliirekodi peke yake baadaye.

Teki ya sita ilikuwa moto, uniti za umeme zikaisha katikati. Laptopu ina chaji lakini gizani, sisi watatu, tunacheka. Tulikwenda mpaka ya kumi na moja.

Kesho yake nikakaa kujifanya prodyuza. Nikavuta gitaa lote kwenye gridi. Nikanyoosha sauti. Nikampelekea. Akasikiliza mara moja, akavua hedifoni, akasema, "Kaka, huyu siyo mimi." Nilinuna siku nzima. Jioni nikaisikiliza ile ghafi nikaelewa. Pale alipovuta pumzi kabla ya mstari wa pili, gitaa lilikuwa linamsubiri. Mimi nimelifuta hilo subira, nimeweka roboti mbili zisizojuana. Nikarudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Nikakata nguruma zilizo chini ya hezi 80, nikabana sauti kidogo sana, zile sehemu za juu tu, nikaacha. Wala sikuipandisha ipige kelele, maana Spotify yenyewe ikipokea wimbo wa kelele inaushusha hadi karibu -14 LUFS, kwa hiyo unaua uhai wa wimbo kisha wanakushusha vilevile.

Sasa hapo kwenye mwangwi, nakubali, lawama ni zangu. Nilimiksi usiku kwa sauti ya chini nisiwaamshe wenye nyumba. Kwa sauti ya chini mwangwi unajificha, nikaongeza, nikaongeza tena. Kwa hiyo kama uliposema chooni ulimaanisha mwangwi umezidi, ni kweli umezidi. Ungesema hivyo tu, ningekuja komenti yako ya kwanza nikasema asante. Lakini ulimcheka binti, na kumcheka kwa sababu ya chumba.

Chumba, kaka? Nikupe habari za chumba. Kule New Jersey, Marekani, alikuwepo jamaa mmoja anaitwa Rudy Van Gelder. Mchana anapima watu macho, ndiyo kazi yake iliyompa hela ya kula. Muda uliobaki anarekodi jazi sebuleni kwa wazazi wake, mjini Hackensack. Sebuleni kwa mama! Pembeni alikuwa na chumba kidogo cha mitambo chenye dirisha la kioo, basi. "Saxophone Colossus" ya Sonny Rollins ya 1956 ilirekodiwa hapo. "Blue Train" ya John Coltrane ya 1957, hapo hapo. Miles Davis na Thelonious Monk nao wamepita kwenye hiyo sebule. Studio yake kubwa kaijenga baadaye, kahamia 1959. Leo hao wanaojiita wajuzi wa jazi wananunua sahani za sebuleni kwa bei ya kiwanja cha Chanika.

Na wala tusiende mbali. Bibi na babu zetu neno jazi walikuwa nalo zamani, Morogoro Jazz, Western Jazz, NUTA Jazz. Najua, najua, ile ilikuwa dansi, siyo jazi ya Wamarekani, kuna mdau alinirushia madongo posti iliyopita kwa hilo. Ila sikiliza zile rekodi za Radio Tanzania: bendi imejipanga chumba kimoja, inapiga pamoja, gitaa linaingia kwenye maiki ya mwimbaji, na bado mjomba wako akisikia anaacha kula. Hawakuwa na gridi ya kuwashika mkono.

Haya, lile la mlevi. Hili ndilo limenifanya niandike.

Sinatra hakutunga "Fly Me to the Moon". Ametunga Bart Howard, mwaka 1954, na aliyeurekodi wa kwanza ni mwanadada Kaye Ballard mwaka huohuo. Ulipotungwa ulikuwa na mwendo wa tatu, wa kuhesabu moja mbili tatu, moja mbili tatu, kama walsi. Sinatra kaja kuimba 1964, miaka kumi baadaye, na bendi ya Count Basie, na aliyeupanga upya kwa mwendo wa nne wenye swingi ni Quincy Jones. Yaani hilo toleo uliloiga pumzi kwa pumzi, lenyewe ni kava. Linapendwa mpaka leo kwa sababu kuna mtu alithubutu kuubadilisha wimbo miguu, hakuukopi.

Na yule binti unayemwita anapigiwa gitaa na mlevi? Kwanza gitaa anapiga mwenyewe. Pili, ameuimba kwa mwendo wa tatu. Hakuwa anajua historia hiyo hata kidogo, hata mimi nimeisoma baada ya laivu yako, nikitafuta cha kukujibu. Yeye kwenye kwaya yao wana nyimbo nyingi za mwendo huo, akaona maneno haya yanakaa vizuri zaidi yakibembea. Kwa kusikiliza tu, kwenye kitanda cha mama yake, ameurudisha wimbo pale ulipozaliwa. Wewe umesikia moja mbili tatu, ukatafuta ya nne, ukaikosa, ukadhani kalewa yeye.

Wadau wataniambia ni kiki tu, staa katafuta trendi, niachane naye. Sawa. Ila kiki yako imemgharimu nani? Wewe Jumatano ulikuwa unaposti viatu. Yeye Jumatano hakwenda mazoezi ya kwaya, kwa sababu wenzake wote wameiona ile laivu, na kuna wanaomwita Chooni mpaka sasa. Ana miaka kumi na tisa. Ile ilikuwa mara yake ya kwanza kusikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye spika.

Na wewe mtangazaji uliyesema "jazi halisi", wewe ni kazi yako kusikiliza. Analipwa mtu mshahara kwa masikio na hajasikia karaoke? Hebu.

Staa, simwombi mtu afutwe, wala sisemi wadau waende kwako kutukana, msiende, nitafuta komenti zote za hivyo. Nataka vitu viwili. Rekebisha maelezo ya video: mtaje Bart Howard, mtaje mwenye biti, toa hilo neno "nyumbani". Na ulivyomcheka laivu, mwombe radhi laivu, saa ileile, watu walewale. Siyo DM.

Kava ya binti iko kwenye flashi yangu. Mwangwi nimeupunguza, safari hii nimemiksi mchana, wenye nyumba wakiwa kazini. Mlioniomba inboksi niwarushie, siwarushii, mpaka mwenyewe aseme. Jana nilimpelekea asikilize. Amesikiliza mara tatu, hajasema kitu, ila ameniuliza kama lile boksi la viatu bado lipo.

Kaka, ukitaka kunijibu uwanja wa komenti uko wazi. Ukijibu kwa video, chomeka waya kwanza.