Bunduki zilipita Djibouti

Julai 1890 madola yalitia saini Mkataba wa Brussels na kuzuia bunduki za kisasa zisiingie Afrika, kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Magobori yaliruhusiwa kwa masharti. Sababu iliyotajwa ni kukomesha biashara ya watumwa. Sawa, ila majeshi ya wakoloni yenyewe hayakuguswa. Ufaransa nayo, baada ya kutia saini, iliacha shehena za bunduki zishuke Obock na Djibouti, bandari zake, zipande hadi kwa Menelik, mfalme wa Ethiopia, kwa kuwa Italia ilikuwa mshindani wa Ufaransa. Machi 1896, kwenye vita vya Adwa, Ethiopia, Waitalia wakazionja bunduki hizo. Hatuwalilii. Tunacholaumu ni sheria inayomwachia mwenye bandari achague wateja. Mkataba wa Biashara ya Silaha wa 2013 nao umeacha kibali mikononi mwa nchi inayouza.