Acheni Tuharibu Kwanza

Hebu fikiria umepewa kazi ya kufungua bolti moja tu. Lakini bolti yenyewe iko ndani ya mtambo usioweza kuingia, wewe uko chumba kingine, na ikianguka hakuna wa kuiokota. Utaanza kwa kubahatisha kweli?

Hiyo ndiyo imekuwa kazi ya mafundi wa Culham, Uingereza, kulikojengwa mtambo wa JET. Ulianza kazi 1983, ukazimwa Desemba 2023. Uliunganisha viini vya haidrojeni jinsi jua linavyofanya, na joto ndani lilifika nyuzi milioni 150 za Selsiasi. Si mchezo! Kuta zake zikabaki na miale hatari hata mtambo ukiwa umepoa. Kwa hivyo huwezi kuingia na spana ukalala chini jinsi mafundi wa Grogan hulala chini ya matatu.

Anayeingia ni roboti ya mikono miwili, Mascot. Fundi hukaa mbali akishika mikono mingine inayoiongoza. Roboti ikigusa ukuta, yeye huhisi mkononi. Lakini kabla ya siku ya kazi, kila hatua hujaribiwa kwanza kwenye kompyuta, halafu kwenye mfano wa mtambo wa ukubwa halisi. Kifaa kikikataa kupita, kinakataa hapo, mahali ambapo kosa halina hasara. Ndivyo kati ya 2009 na 2011 walivyong'oa vigae vya kaboni ndani ya JET na kuweka vya beriliamu na tangsteni, maelfu.

Sasa mimi na wewe tunaingiaje hapo? Niliacha kozi ya ufundi mwaka wa pili. Karo ilichangia, sikatai, lakini kilichonivunja moyo ni kuchora mashine daftarini muhula baada ya muhula. Mashine halisi ilikuwepo, moja, imefungiwa kwa kufuli. Eti tutaiharibu.

Wenye mtambo ghali kuliko chuo kizima wametenga mahali pa kukosea. Sisi tunamkataza mwanafunzi asiguse, kisha akimaliza tunalalamika kuwa hajui kazi.

Utaniambia kompyuta si mashine halisi. Kweli kabisa, ndiyo maana Culham hawakuishia kwa kompyuta. Lakini hawakuiruka pia. Kwa hivyo nyinyi mnaokata utepe kwenye vyuo vya ufundi kila kaunti, wekeni maabara ya kompyuta yenye programu za kuiga mashine, kisha mfungue ile kufuli. Mwanafunzi aliyeangusha bolti mara mia kwenye skrini hataogopa ile ya kweli.

Nawe usingoje utepe. Programu ya Gazebo, ya kuigiza roboti, ni ya bure. Tafuta kompyuta yenye nguvu kiasi, hata ya kuazima, uigongeshe roboti ukutani hadi uchoke. Hakuna atakayekulipisha.