Jiko la Kambini: Granola Yenye Ladha, ya Kupikwa Juu ya Sigiri

Msomaji wetu mmoja, mke wa askari polisi, ametuletea barua yenye swali ambalo bila shaka linawahusu wengi miongoni mwenu. Mumewe hutoka kwenda lindoni saa kumi na moja alfajiri, na watoto wao wawili huondoka saa kumi na mbili kwenda shuleni. Siku mkaa unapokuwa na unyevunyevu, uji huchelewa kuiva, na nyumba nzima hutoka na tumbo tupu. Mama huyu aliwahi kuiona granola mjini, katika mfuko mdogo wenye bei kubwa. Akaionja kwa jirani, akaona kuwa sukari imezidi, lakini ladha ya kukumbukwa haimo. Anauliza kama chakula hicho chaweza kupikwa nyumbani juu ya sigiri, kikawa na ladha, na kikadumu bila kuharibika.

Chaweza, mama. Na ladha utakayoipata itapita ile ya mfukoni, kwa sababu ambayo nitaieleza kwa kirefu, maana ndiyo kiini cha jambo lote.

Kwanza tukijue kitu chenyewe. Granola ni nafaka iliyokaushwa kwa moto pamoja na karanga na mbegu, ikachanganywa na asali na mafuta kidogo, kisha ikaachwa ipoe mpaka iwe kavu ya kutafunika. Huliwa kwa maziwa, au kwa maziwa mgando ambayo hapa kwetu huitwa bongo, au hivi hivi mkavu mkononi. Asili yake ni Marekani. Mwaka 1863, daktari James Caleb Jackson wa Dansville, katika jimbo la New York, alioka unga wa ngano usiokobolewa, akauvunjavunja, akauoka tena, akauita Granula. Ulikuwa mgumu hata ukalazimika kulowekwa usiku kucha ndipo uliwe asubuhi. Baadaye daktari mwingine, John Harvey Kellogg wa Battle Creek, Michigan, akatengeneza chake cha ngano, oti na mahindi. Kwa kuwa jina lilikuwa la mwenzake, akabadili herufi moja ikawa Granola. Hiyo tunayoijua leo, yenye asali na karanga, ilienea zaidi katika miaka ya 1960 na 1970, vijana wa huko walipoanza kuvikimbia vyakula vya viwandani.

Pamoja na jina lake la kigeni, si mgeni kwetu kwa tabia. Watoto wa Lira na Gulu wamekua wakila vidonge vya simsim vilivyoshikanishwa kwa asali au sukari, na watu wa pwani wana kashata zao. Aliyeweza kutengeneza hivyo hawezi kushindwa na granola.

Sasa tuje kwenye ladha. Wapishi wengi wakiona chakula hiki hakina ladha hukimbilia kuongeza sukari, na hapo ndipo wanapopotea. Ladha ya granola huzaliwa motoni. Nafaka na mbegu zinapopata joto kavu, sukari iliyomo ndani yake hukutana na protini, zikageuka rangi kuwa za hudhurungi na kutoa harufu ile inayomsimamisha mpita njia. Mkemia Mfaransa, Louis-Camille Maillard, aliandika juu ya badiliko hilo mwaka 1912, lakini kila mama aliyepata kukaanga karanga analijua kwa pua yake. Badiliko hilo lahitaji joto la wastani, na lahitaji muda. Moto mkali huunguza punje kwa nje kabla ya ndani kukauka, ukapata uchungu na ubichi katika tonge moja. Wala moto hautambui cheo: hata aliye nyumbani kwa afande mkubwa akiuharakisha, ataunguza.

Jambo la pili ni kwamba kila kitu kikaangwe peke yake. Ufuta, yaani simsim, huiva kwa dakika tatu au nne tu. Oti huchukua dakika kumi hivi, na karanga kumi na tano au zaidi. Ukivimimina vyote pamoja katika sufuria moja, simsim itakuwa imegeuka mkaa wakati karanga bado zina ladha ya maharage mabichi. Wenye tanuri hupika vyote pamoja kwa sababu joto la tanuri huzunguka pande zote. Sisi wa sigiri joto letu hutoka chini, kwa hiyo hatuna budi kugawa kazi.

Na jambo la tatu ni chumvi. Msishangae. Kijiko kimoja kidogo cha chai, kisichojaa, huufanya utamu wa asali usikike vizuri zaidi kuliko kuongeza kikombe kizima cha asali. Granola isiyo na chumvi hata chembe hupooza mdomoni, na nadhani ndivyo ilivyokuwa ile aliyoionja mama yetu kwa jirani.

Kabla hatujawasha moto, tukae kidogo kwenye karanga, kwani hapa hatuzungumzii ladha peke yake. Karanga, au njugu kama wengi wetu tunavyoziita, zikivunwa na kuhifadhiwa kabla hazijakauka barabara huota kuvu, na kuvu hiyo hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hii ilitambuliwa baada ya mwaka 1960, pale batamzinga zaidi ya 100,000 walipokufa nchini Uingereza kwa kulishwa chakula chenye mashudu ya karanga zilizooza. Na isidhaniwe kuwa ni mambo ya ndege wa Ulaya. Mwaka 2004, majirani zetu wa mashariki mwa Kenya walikula mahindi yenye sumu hiyo hiyo. Waliougua walihesabiwa 317, na 125 kati yao wakafariki. Aflatoksini ikiingia mwilini kidogo kidogo kwa miaka mingi huharibu ini na huleta saratani. Moto wa kukaangia hauiondoi yote.

Basi nunueni karanga zisizosagwa ili mzione kwa macho yenu. Zimwage kwenye ungo penye mwanga, mtoe kila punje iliyokunjamana, iliyobadilika rangi, iliyovunjika na kuwa na vumbi la kijani au la kijivu. Baada ya kukaanga, zionjwe: punje yenye uchungu itemwe, na kama uchungu unarudi rudi, karanga zote za fungu hilo zitupwe. Najua inauma kutupa kitu kilichonunuliwa kwa fedha, hasa mwisho wa mwezi. Lakini msizikusanye hizo mbovu mkazipeleka kusagwa, wala msiwape kuku wenu; sumu haipotei kwa kubadilishiwa chombo.

Vipimo ni hivi. Kwa kutumia kikombe kimoja kile kile, chukua vikombe vinne vya oti zilizopondwa bapa, zile zinazouzwa madukani kwa ajili ya uji, lakini zisiwe za namna ya kuiva mara moja kwani hizo hugeuka vumbi. Karanga kikombe kimoja, ufuta nusu kikombe, na mbegu za maboga zilizomenywa nusu kikombe ukizipata. Asali nusu kikombe. Mafuta ya kupikia robo kikombe. Chumvi kama nilivyosema, mdalasini wa unga kijiko kimoja cha chai, na tangawizi ya unga nusu yake. Matunda makavu kikombe kimoja.

Washa sigiri, ungoje mpaka makaa yafunikwe na majivu mepesi, kisha yapunguze. Weka sufuria pana yenye kitako kizito. Anza na karanga, uzigeuze kwa mwiko bila kupumzika mpaka maganda yaanze kuachia, kisha zipoe, zifikiche, zipepete na kuzipasua vipande vikubwa. Fuata mbegu za maboga mpaka zivimbe. Kisha ufuta: ukianza kutatarika na kurukaruka, uondoe motoni hapo hapo na umwage kwenye sahani, kwa maana sufuria yenye joto huendelea kuukaanga hata ikiwa chini. Mwisho oti, kwa moto mdogo, dakika kumi au kumi na mbili, mpaka zitoe harufu kama ya mkate na rangi ielekee ya majani makavu.

Weka kando hivyo vyote. Katika sufuria hiyo hiyo tia asali, mafuta, chumvi na viungo, uvipashe mpaka asali ianze kutoa mapovu madogo kandokando. Sasa rudisha nafaka, karanga na mbegu, ugeuze mpaka kila chembe ing'ae. Endelea kwa moto hafifu dakika nane hadi kumi. Asali ni ya mwisho kwa kuwa huungua upesi kuliko vitu vingine vyote, na ikiungua hakuna kiungo kitakachoificha.

Mimina kwenye sinia pana, utandaze, ubonyeze kwa mgongo wa kijiko, na uiache. Hapa wengi hukosa subira. Ikiwa ya moto itakuwa laini, nawe utadhani haijaiva, utatamani kuirudisha motoni. Usiirudishe, ugumu huja inapopoa. Usiiguse kwa saa moja nzima, kisha uivunje kwa mkono upate vibonge vikubwa na vidogo. Mwenye tanuri atachanganya vyote kwa pamoja, atandaze kwenye sinia, aoke kwa joto la nyuzi 150 kwa nusu saa au dakika kumi zaidi, akigeuza mara mbili au tatu.

Matunda huingia baada ya granola kupoa kabisa, kwani yakipita motoni huwa magumu kama kokoto. Zabibu kavu ni ghali. Ndizi ndogo tamu tulizo nazo kila mahali hukatwa vipande vyembamba, zikaanikwa chini ya chandarua safi kwenye jua kali siku mbili au tatu mpaka zisinate tena. Nanasi nalo hukubali, ila lina maji mengi na huchukua siku zaidi.

Aliye karibu na Mukono, ambako vanila hulimwa, asikose kuipasua ganda moja, akwangue mbegu zake na kuzitia katika asali. Ganda lililobaki alitumbukize ndani ya kopo la granola, liendelee kunukisha. Walio Acholi na Lango wanaweza kutumia mafuta yao ya moo yaa mahali pa mafuta ya dukani. Yana harufu ya kiasili ambayo wengine huipenda na wengine huwashinda. Mimi ni miongoni mwa wanaoipenda, na husikitika kila nionapo miti yake ikigeuzwa mkaa, huenda ule ule tunaoutumia kukaangia.

Kama oti hazipatikani au bei yake imepanda, tumia bisi za mtama. Chukua mtama wenye punje ndogo na ngumu, maana si kila mtama hupasuka, uutie kijiko kimoja kimoja katika sufuria kavu yenye moto mkali, ufunike na kuutikisa. Bisi zake ni ndogo na nyepesi, hazihitaji kukaangwa tena. Zitie moja kwa moja kwenye asali, na dakika tatu zatosha. Ladha yake ni tofauti, ina utamu wa kishamba ambao kwa maoni yangu unaishinda oti. Lakini hulainika upesi zaidi, basi ipikwe kidogo kidogo.

Nisiwadanganye kuhusu gharama. Vipimo hivi hutoa vikombe saba hivi, yaani nusu kikombe kwa watu wanne kwa asubuhi tatu na kidogo. Uji wa ulezi ni rahisi kuliko hiyo, nao ni chakula bora. Mwenye nafasi ya kuupika asiuache. Granola iwekwe kwa zile asubuhi ambazo moto hauwaki, au zamu imebadilishwa ghafla, au mama mwenyewe ndiye anayevaa sare na kuondoka kabla ya wote. Hapo ulinganishe bei yake na ya biskuti na maandazi ambayo watoto hununua njiani, uone ipi inakaa tumboni mpaka saa sita.

Watoto wachanga walio chini ya mwaka mmoja wasipewe kabisa, kwa sababu asali yaweza kuwa na vijidudu ambavyo moto wa jikoni hauviui na ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvishinda. Walio chini ya miaka mitano watwangiwe karanga kabla ya kuchanganywa, kwani punje nzima humpalia mtoto kwa urahisi.

Kuhusu kudumu: ihifadhi ikiwa imepoa kabisa, katika kopo kavu lenye kifuniko cha kubana. Hukaa wiki mbili bila wasiwasi, na zaidi kama matunda yamewekwa kando. Kijiko chenye maji kisiingie humo. Ikilainika wakati wa mvua, irudishe katika sufuria kavu juu ya moto mdogo kwa dakika tano, baada ya kuyaondoa matunda, na ugumu wake utarudi. Ikinuka kama mafuta ya zamani, basi karanga zimechacha na muda wake umekwisha.

Na kwa bwana anayekwenda lindoni: mfungie kikombe kimoja pamoja na vijiko vitatu vya maziwa ya unga katika mfuko mmoja mkavu. Akifika, atahitaji kikombe na maji yaliyochemshwa tu.