Salfa ya moto si gesi ya Songo Songo

Huku Kilwa wengi tukisikia bomba la kiwandani tunawaza la gesi ya Songo Songo tu. Gesi ile, inayokwenda Dar es Salaam kupitia Somanga tangu 2004, karibu haina salfa kabisa. Salfa tunayoijua Lindi ni ya unga, ya kupulizia mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga.

Salfa iliyoyeyushwa, ile inayopitishwa kwenye mabomba ya viwandani, ni habari nyingine. Huyeyuka kwenye nyuzi 119 hivi za Selsiasi; ikipita 159 inakuwa nzito kama gundi, pampu inashindwa. Ndiyo maana bomba lake huvikwa koti la mvuke, joto likae kwenye 130 hadi 145, mwanzo hadi mwisho. Penye vali, flanji au nguzo isiyopashwa moto ndipo huganda kwanza. Kwa pwani yetu ningehofia zaidi mvua za masika: kizuia joto kikilowa, mvuke wote unaishia kukausha maji.

Na jamani, bomba likiziba msianze kulipasha moto katikati! Salfa hutanuka inapoyeyuka. Isipopata pa kutokea, bomba linapasuka. Anzeni upande ulio wazi.