Kidonge cha presha kina jina lake

Juma lililopita nilisimama katika duka moja la dawa karibu na steji ya Nyamasaria, pale magari ya kwenda Ahero yanapopakia abiria. Mama mmoja aliyenitangulia alitoa shilingi thelathini, akaomba "zile za presha". Muuzaji hakumwuliza jina la dawa wala cheti cha daktari. Alikata vidonge vitatu, akampa, akanigeukia mimi.

Nashindwa kuelewa tumefikaje hapa. Shinikizo la damu halina dawa moja. Amlodipini hulegeza mishipa, na huweza kuvimbisha vifundo vya miguu. Haidroklorothiazaidi hutoa maji na chumvi kwa mkojo, na pamoja nayo potasiamu ambayo moyo unaihitaji. Enalaprili huweza kuleta kikohozi kikavu kisichokoma. Mara chache huvimbisha midomo na ulimi hata mtu akashindwa kupumua, na balaa hilo hutupata sisi watu weusi zaidi kuliko wengine. Mja mzito akiimeza, huweza kuharibu figo za mtoto aliye tumboni. Je, mama yule alipewa ipi? Na alikwenda kuimeza mwenyewe, au kumgawia mkaza mwana?

Sisi wagonjwa nasi tuna lawama. Mimi mwenyewe niliwahi kuacha atenololi ghafla kwa kuwa kipimo kilikuwa kizuri. Kumbe kilikuwa kizuri kwa sababu ya dawa! Siku ya tatu moyo ulinienda mbio, kifua kikanibana, na mwanangu akanipakia boda boda usiku wa manane.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya alikuwa na presha ya juu, na wengi wao hawakuwa wakitibiwa. Kwa hivyo siombi maduka yafungwe. Asiye na nauli ya kufika Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wengi wetu tungali twaiita Russia, atanunua wapi? Ninaloomba ni Bodi ya Famasia na Sumu ihakikishe kwamba dukani pana mtu aliyesomea kazi hiyo, pana mashine ya kupimia presha, na kila kidonge kinachotolewa kimeandikiwa jina lake.

Vya mama yule vilifungwa katika kipande cha gazeti.